Maisha ya Mama Josephine Butler (1828–1906), Mtetezi wa Mabinti Waliouzwa

Utangulizi

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 100 ya usharika wetu, msomaji atakutana na majina ya wazee, wainjilisti, wachungaji na akina mama walioijenga kazi ya Mungu mahali hapa. Kurasa hizi chache zimetengwa kwa ajili ya mama mmoja ambaye hakuwa wa usharika huu, wala hakuwa Mlutheri. Alikuwa Mwingereza, mke wa mchungaji wa Kanisa la Anglikana, naye alilala katika Bwana mwaka 1906. Tumemkumbuka kwa sababu swali alilolibeba maisha yake yote limebisha hodi katika nyumba zetu pia: msichana aliyedanganywa, akauzwa, akatumiwa kisha akatupwa, anapofika mlangoni pa Wakristo, anapokelewaje?

Mzazi yeyote aliyewahi kumwona binti akichukuliwa kijijini kwa ahadi ya kazi ya ndani au ya kusomeshwa mjini, kisha habari zake zikakatika, ataelewa kwa nini maisha haya yanastahili kusomwa katika sikukuu kama hii.

Kuzaliwa na malezi

Josephine Grey alizaliwa tarehe 13 Aprili 1828 huko Milfield, katika jimbo la Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, mzee John Grey, alikuwa mtaalamu wa kilimo na msimamizi wa mashamba makubwa, naye alishiriki kwa bidii katika harakati za kukomesha utumwa. Watoto wa nyumba hiyo walikua wakisikia mezani habari za watu wanaonunuliwa na kuuzwa, na hasa mateso ya wanawake watumwa. Josephine alisema baadaye katika maandishi yake kwamba habari hizo zilimwingia moyoni tangu utotoni. Hivyo mapigano yake ya utu uzimani hayakuzuka ghafla. Mbegu ilipandwa na wazazi.

Mwaka 1852 aliolewa na George Butler, msomi wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye baadaye alibarikiwa kuwa mchungaji. Ndoa hii ni sehemu kubwa ya historia yake. Mwanaume huyu alimsikiliza mkewe katika zama ambazo wanaume wasomi waliona kwamba mwanamke hana neno la kusema mbele yao.

Huko Oxford walipata habari za msichana mmoja aliyefungwa katika gereza la Newgate, London, kwa kosa la kumuua mtoto wake mchanga. Baba wa mtoto huyo alikuwa msomi wa chuo, aliyemdanganya msichana na kumwacha. Josephine alipotaka mambo yasemwe wazi, alishauriwa na mkubwa mmoja wa chuo kunyamaza. George alimwandikia kasisi wa gereza, na msichana yule alipomaliza kifungo chake alipokelewa nyumbani kwao, akapewa kazi na mahali pa kulala. Huyo alikuwa wa kwanza.

Msiba

Mungu aliwajalia watoto 4: wavulana 3 na binti mmoja, Evangeline, aliyezaliwa mwaka 1859. Jioni moja ya mwezi Agosti 1864, walipokuwa wakiishi Cheltenham, wazazi walirejea nyumbani kutoka safarini. Mtoto aliposikia sauti zao alitoka mbio chumbani kwenda kuwalaki, akapita juu ya kizuizi cha ngazi, akaanguka hadi sakafuni miguuni pa wazazi wake. Alifariki saa chache baadaye, akiwa na umri wa miaka 5.

Wanaofahamu uchungu wa kufiwa na mtoto hawahitaji kuelezwa zaidi. Josephine aliugua mwili na roho. Mwaka 1866 George aliteuliwa kuwa mkuu wa shule ya Liverpool College, na familia ikahamia mji wa Liverpool, bandari kubwa yenye meli, mabaharia, matajiri na maskini wengi kupindukia. Kila asubuhi mume na wanawe walikwenda shuleni, na mama alibaki peke yake katika nyumba kimya. Ndipo alipoamua kutoka kwenda kuwatafuta watu wenye uchungu kuliko wake.

Kazi katika Liverpool

Palikuwa na nyumba kubwa ya maskini katika mtaa wa Brownlow Hill, iliyohifadhi maelfu ya watu wasio na makao. Katika vyumba vyake vya chini wanawake na wasichana walikaa sakafuni wakichambua kamba kuukuu za meli, zilizojaa lami, ili kupata nyuzi za kuzibia nyufa za vyombo. Kazi hiyo iliumiza vidole, na malipo yake yalikuwa mkate na mahali pa kulala. Wengi wao walikuwa wametumiwa na wanaume wa bandarini, wakawa hawana pa kurudi.

Mama Butler aliingia humo, akaketi sakafuni pamoja nao, akajaribu kuchambua kamba kama wao. Walimcheka, kwa maana mikono yake ilikuwa laini na hakuijua kazi. Kicheko hicho kilifungua mlango. Siku zilizofuata walizungumza, kisha wakaanza kujifunza kwa moyo maneno ya Maandiko. Aliandika baadaye jinsi msichana mmoja mrefu alivyosimama katikati ya marundo ya kamba chafu na kuyasema, bila kukosea, maneno ya Bwana Yesu kutoka Injili ya Yohana sura ya 14, na jinsi wenzake walivyopiga magoti.

Baada ya hapo alianza kuwaleta nyumbani kwake. Walilala katika vyumba vya juu kabisa na hata chumba cha chini ya nyumba. Mmoja wao alikuwa binti mgonjwa wa kifua kikuu, aliyeharibiwa akiwa bado mdogo. Mchungaji George alimpokea kama anavyopokelewa mgeni wa heshima. Msichana huyo alikaa nao hadi alipofariki, na Mama Butler alilijaza jeneza lake maua meupe. Wapita njia hawakuona sababu ya heshima hiyo. Wao waliona kwamba amekufa binti wa nyumba.

Nyumba ilipojaa, alifungua Nyumba ya Mapumziko kwa ajili ya wagonjwa na waliokuwa karibu kufa, kisha nyumba nyingine ya kazi kwa wenye afya, walikoshona nguo na kutengeneza bahasha za kuuza. Alikuwa ameona kwamba maombi na chakula havitoshi. Msichana asiye na ujuzi wala kipato atarudi kwa yule aliyemtumia, kwa sababu njaa hairuhusu uchaguzi. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 1867 alikuwa rais wa baraza la kaskazini mwa Uingereza lililopigania elimu ya juu kwa wanawake, na mwaka 1868 alichapisha kijitabu juu ya elimu na ajira za wanawake. Ushonaji wa sakafuni na mitihani ya chuo kikuu vilikuwa kwake jambo moja.

Vita dhidi ya sheria mbaya

Katika miaka ya 1864, 1866 na 1869 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria za Magonjwa ya Kuambukiza. Zilikusudiwa kulinda afya ya askari na mabaharia katika miji ya bandari na ya kambi za jeshi. Polisi waliovaa kiraia walipewa uwezo wa kumkamata mwanamke yeyote waliyemshuku kuwa kahaba, naye alilazimishwa kuchunguzwa mwilini na daktari. Aliyekataa alifungwa. Aliyekutwa na ugonjwa aliwekwa hospitalini kama mahabusi, na kwa sheria ya 1869 aliweza kuzuiwa hadi miezi 9. Mwanaume hakuguswa, ingawa ugonjwa ni wa wawili.

Mama Butler aliombwa aongoze mapambano dhidi ya sheria hizo. Alisita kwa muda wa miezi kadhaa. Alijua kwamba mwanamke Mkristo kusema hadharani juu ya mambo hayo katika siku zile ni kujivunjia heshima, na kwamba aibu ingemwangukia mumewe na wanawe. Alimweleza mumewe, naye akamruhusu kwa baraka, ingawa alitambua kwamba cheo chake katika kanisa kingeathirika. Na kweli kiliathirika. Mwaka 1871, Mchungaji George alipojaribu kusoma hoja yake juu ya jambo hilo katika mkutano wa viongozi wa kanisa huko Nottingham, alizomewa hadi akakaa.

Tarehe 1 Januari 1870 gazeti la Daily News lilichapisha tamko la wanawake wa chama chake kipya. Miongoni mwa waliotia sahihi alikuwemo Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri. Mwaka huo huo, katika uchaguzi mdogo wa Colchester, walimpinga mgombea Sir Henry Storks aliyeziunga mkono sheria hizo. Wahuni waliizingira hoteli alimofikia Mama Butler, na mwenye hoteli akamsihi aondoke. Storks alishindwa. Mwaka 1872 huko Pontefract alikutana na wanawake katika dari ya ghala la nyasi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwapa ukumbi. Watu waliwasha majani makavu chini yao, moshi ukapanda kupitia mlango wa ngazi, na wanaume wakaingia kuwatukana na kuwatishia. Waliponea chupuchupu.

Mapambano yalidumu miaka 16. Usiku wa tarehe 20 Aprili 1883 Bunge lilipokuwa likijadili hoja ya Mheshimiwa James Stansfeld, wanawake walikusanyika katika hoteli jirani na Bunge wakiomba; wake wa matajiri walipiga magoti pamoja na wanawake waliotoka katika mitaa ya kimaskini kabisa ya London. Kura 182 dhidi ya 110 zilisimamisha uchunguzi wa lazima, na mwaka 1886 sheria zote zilifutwa.

Biashara ya wasichana

Mwaka 1875 Mama Butler alianzisha shirikisho la kimataifa lililopinga madanguro yaliyosajiliwa na serikali, na mwaka 1877 mkutano wake mkubwa ulifanyika Geneva, Uswisi. Katika safari zake za Ulaya aliligundua jambo ambalo wakubwa wengi hawakutaka kulisikia: wasichana wa Kiingereza walikuwa wakisafirishwa hadi Brussels, Ubelgiji, na kufungiwa katika madanguro.

Utaratibu wake haukutofautiana sana na ule tunaousikia leo. Msichana maskini aliahidiwa kazi nzuri ng'ambo. Alisafirishwa na mtu mwenye maneno matamu. Kwa kuwa sheria ya Ubelgiji haikuruhusu wasichana wadogo kusajiliwa, alipewa cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine aliye mkubwa kwa umri. Alipogundua alikofika, hakujua lugha, hakuwa na nguo zake wala fedha, na aliambiwa kwamba kwa kutumia cheti cha uongo ametenda kosa, hivyo akikimbilia polisi atafungwa yeye.

Mwaka 1880 Mama Butler aliyatangaza hayo hadharani. Wakuu wa Brussels walidhani watamnyamazisha kwa kumtaka athibitishe kwa kiapo. Akaapa mbele ya hakimu. Mwishoni mwa mwaka huo wenye madanguro kadhaa walishtakiwa na kuhukumiwa, na wakuu wa polisi waliohusika wakaondolewa kazini. Bunge la Malodi la Uingereza nalo liliunda kamati ya kuchunguza biashara hiyo.

Rebecca na Eliza

Hapa tunafika kwenye sehemu ngumu ya historia hii, na wanaoandika habari za watumishi wa Mungu wasiiruke.

Mwaka 1882 George Butler aliteuliwa kuwa kanoni wa Kanisa Kuu la Winchester. Huko pia Mama Butler alifungua nyumba ya kupokea wanawake. Mwaka 1885 Jeshi la Wokovu lilimpelekea Rebecca Jarrett, mwanamke aliyeingizwa katika ukahaba angali mtoto, baadaye akawa mwenye danguro na mlevi. Alikuwa ametubu, akaanza kuwatafuta na kuwatunza wenzake kwa moyo wote.

Wakati huo mswada wa kuwalinda wasichana ulikuwa umekwama bungeni. Msichana wa miaka 13 alihesabiwa kisheria kuwa anaweza kuridhia kutumiwa na mwanaume. Mwandishi wa habari W. T. Stead, mhariri wa Pall Mall Gazette, alikusudia kuionyesha nchi kwamba mtoto anaweza kununuliwa London. Mama Butler ndiye aliyemkutanisha na Rebecca. Rebecca aliombwa arudi katika mitaa aliyoikimbia, kwa watu aliowakimbia, afanye tena kwa kuigiza yale aliyoyatubia. Alikubali kwa shida. Mtoto Eliza Armstrong, mwenye umri wa miaka 13, alipatikana kwa pauni chache, akapelekwa katika danguro, akanusishwa dawa ya usingizi, kisha akavushwa hadi Ufaransa chini ya uangalizi wa Jeshi la Wokovu.

Makala za Stead zilizochapishwa Julai 1885 ziliitikisa nchi nzima, na mwezi Agosti sheria mpya ilipandisha umri huo kutoka miaka 13 hadi 16 na kuwabana wauzaji wa wasichana. Lakini mama yake Eliza alidai kwamba alidhani binti yake anakwenda kufanya kazi za ndani. Kesi ilifunguliwa. Stead alifungwa miezi 3, na Rebecca, mwanamke maskini mwenye historia mbaya, miezi 6.

Jambo moja halina budi kusemwa. Ili kuthibitisha kwamba ni bikira, Eliza alichunguzwa mwilini na mkunga, na baadaye na daktari, bila ridhaa yake. Ndilo tendo lile lile ambalo Mama Butler alilipinga kwa miaka 15 lilipofanywa na polisi. Safari hii lilifanywa na marafiki, kwa nia njema, nalo lilimwumiza mtoto asiye na hatia. Sheria nzuri ilipatikana. Mtoto mmoja na mwanamke mmoja walilipa gharama yake bila kuielewa sawasawa.

Mama Butler hakumkana Rebecca. Alisimama upande wake wakati wa kesi, na aliandika kijitabu cha kumtetea wakati magazeti yalipomchafua. Rebecca alipotoka gerezani alipokelewa tena na Jeshi la Wokovu, akaishi katika ushirika huo hadi alipofariki mwaka 1928.

Miaka ya mwisho

Baada ya sheria ya 1885 vikazuka vyama vya kusafisha maadili vilivyoshirikiana na polisi kufunga madanguro. Wanawake walifukuzwa usiku bila kuonyeshwa pa kwenda. Mama Butler aliwaonya wenzake kwamba watu hawatakaswi kwa marungu, na akajitenga na vyama hivyo. Aligeukia pia India, ambako jeshi la Uingereza liliendelea kuwatunza makahaba kwa ajili ya askari wake. Wanawake wawili wa Kimarekani, Elizabeth Andrew na Dkt. Katharine Bushnell, walikwenda huko mwaka 1891 kuchunguza na kuleta ushahidi.

Mumewe alifariki mwaka 1890, naye akaandika kitabu cha kumkumbuka. Mwaka 1904 serikali kadhaa zilitia sahihi mjini Paris mapatano ya kwanza ya kimataifa dhidi ya biashara ya wasichana, aliishi kuyaona. Alifariki tarehe 30 Desemba 1906 huko Wooler, akazikwa Kirknewton, karibu na mahali alipozaliwa. Kanisa la Uingereza humkumbuka tarehe 30 Mei kila mwaka.

Mafunzo kwa usharika

Dunia imeendelea kuutambua uovu huu. Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2000, na nchi yetu ikatunga sheria yake mwaka 2008. Hata hivyo sheria haimfungulii mtu mlango usiku. Mlango hufunguliwa na mwenye nyumba.

Kutoka katika maisha haya tunajifunza mambo manne. Kwanza, Mama Butler alianza kwa kuketi sakafuni. Hakumwita msichana aje ofisini kueleza dhambi zake. Alikwenda aliko, akakubali kuchekwa.

Pili, heshima ndiyo dawa ya kwanza. Binti aliyeuzwa amezoea kushikwa kama kitu. Anapokuja kwetu akalazimishwa kusimulia aibu yake mbele ya wazee au kusimamishwa kanisani kama ushuhuda kabla hajawa tayari, tunamshika tena kama kitu, hata kama tumeshika Biblia. Habari za Eliza zitufundishe kuogopa jambo hilo.

Tatu, mkono wa huruma uende pamoja na ufundi, elimu na kipato. Cherehani, ada ya shule na mtaji mdogo ni sehemu ya Injili kwa mtu ambaye njaa ndiyo iliyomtia mikononi mwa mnunuzi.

Nne, akina baba wasiwaachie akina mama kazi hii. Mchungaji George alipoteza vyeo, akabaki na mke wake, na kwa ajili yao wawili mabinti wengi walipata nyumba.

Usharika unapoingia katika miaka 100 mingine, vizazi vijavyo vitahesabu majengo tuliyoyaacha. Huenda yupo pia binti mmoja, ambaye jina lake halitaandikwa katika kitabu chochote, atakayekumbuka kwamba alipobisha hodi hapa hakuulizwa kwanza ametoka wapi. Bwana, aliyemwona Hajiri jangwani na kumwita kwa jina lake, atujalie macho ya namna hiyo.